Sema Koplo

Tulimzika baba yangu mdogo Jumamosi moja ya masika, kijijini kwetu, si mbali na Musoma. Mvua ilikuwa imekata asubuhi, maturubai yalikuwa bado yanadondosha maji, na kijana wa ukoo aliyepewa kazi ya kusoma wasifu wa marehemu akasimama na karatasi yake. Alisoma vizuri tu: kuzaliwa, shule, kujiunga na jeshi, vita vya Kagera, kustaafu, ng'ombe, watoto saba. Kisha akasema, "Meja mstaafu." Mara ya kwanza watu walinyamaza. Mara ya pili, mzee mmoja aliyekaa mstari wa mbele, kofia yake magotini, akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Samahani, mwanangu," akasema. "Alikuwa Koplo. Sema Koplo."

Kijana akababaika, akasahihisha, akaendelea. Jioni alinieleza kwamba hakukusudia kudanganya. Aliona tu kuwa mtu aliyefika Kampala kwa miguu hawezi kuzikwa na cheo kidogo namna ile, basi akampandisha. Mzee yule, ambaye alikuwa na marehemu kikosi kimoja, aliona tofauti. Kwake, kumwita rafiki yake Meja ilikuwa ni kumtoa pale alipokuwa na kumpeleka mahali ambapo hakuwahi kufika.

Nimekaa na jambo hilo muda mrefu. Kijana alikuwa na nia njema, mzee alikuwa na haki, na mimi nikabaki na swali: cheo ni kitu gani hasa? Nani ana mamlaka ya kumpandisha mtu? Na mbona ukikitazama cheo cha juu kabisa, kile cha Fildi Marshali, unakuta orodha yenye mashujaa, wauaji na vichekesho, wote wakiitwa jina moja? Nikaanza kusoma. Haya ndiyo niliyoyapata.

Tuanze na fumbo ambalo kila aliyewahi kuhesabu vyeo vya jeshi kwa vidole amelikuta. Meja ni mkubwa kuliko Luteni. Sasa mbona Luteni Jenerali ni mkubwa kuliko Meja Jenerali?

Jibu liko kwenye majeshi ya Ulaya ya karne ya 16 na 17. Aliyeongoza jeshi zima aliitwa Kapteni Jenerali. Neno "jenerali" hapo lilikuwa sifa tu, maana yake "wa jumla", kapteni aliye juu ya makapteni wote. Msaidizi wake alikuwa Luteni Jenerali. Wa tatu, aliyepanga askari katika safu na kusimamia mambo ya kambi, alikuwa Sajenti Meja Jenerali. Miaka ilivyokwenda majina yakafupishwa. Wa kwanza akaachiwa "Jenerali" peke yake. Wa tatu akaondolewa neno "Sajenti", labda kwa sababu lilinuka kazi za chini, akabaki Meja Jenerali. Kumbe yule meja wa kwenye Meja Jenerali si meja, ni sajenti aliyevuliwa jina!

Na sajenti mwenyewe ni nani? Neno lake linatokana na Kilatini, kitenzi cha "kutumikia". Sajenti ni mtumishi. Luteni ni neno la Kifaransa, maana yake mtu anayeshika mahali pa mwenzake. Sisi tunalo neno lake kabisa, tunalitumia kila siku maofisini: kaimu. Nalo tumelitoa kwenye Kiarabu, likiwa na maana ya aliyesimama mahali pa mwingine. Kwa hiyo Luteni Jenerali, ukimtafsiri bila kumwonea haya, ni kaimu wa mkubwa.

Ukiendelea kuchimba, maneno yanazidi kukushangaza. Wazungu wanamwita mkuu wa jeshi la majini admirali, na neno hilo walilichukua kwa Waarabu, kwenye "amiri", mtoa amri. Ni amiri yuleyule tunayemsikia tukisema Amiri Jeshi Mkuu. Katika majeshi ya Kiarabu, cheo kinacholingana na Fildi Marshali huitwa mushiri, na hilo ni ndugu wa maneno yetu shauri na mshauri. Jenerali Sisi wa Misri alipopandishwa Januari 2014, kwa lugha ya kwao alipewa jina lenye maana ya mtoa shauri. Jemadari, ambaye kwa Kiswahili tunampa heshima ya kamanda mkubwa, katika jeshi la Waingereza kule India alikuwa afisa wa ngazi ya chini kabisa miongoni mwa maafisa Wahindi. Neno lilipanda cheo lilipovuka bahari.

Sasa marshali. Neno hili limetoka kwa makabila ya Kijerumani ya zamani, nalo ni maneno mawili yaliyounganishwa, la kwanza farasi, la pili mtumishi. Marshali ni mtunza farasi. Ni mtu wa zizini, anayejua farasi yupi ana kidonda na nyasi zimebaki za siku ngapi.

Nilipolisoma hilo nilicheka, halafu nikaona kuwa lina mantiki. Nguvu ya mfalme wa Ulaya wakati ule ilikuwa farasi. Anayewatunza ndiye anayejua wapanda farasi wangapi wanaweza kutoka kesho, kambi ipigwe wapi ili maji yapatikane, na nani apite kwanza kwenye daraja jembamba. Mtu wa namna hiyo huanza kwa kumtumikia kamanda, mwisho anakuwa kamanda. Wala hakuwa peke yake pale zizini. Mwenzake alikuwa konstebo, jina linalotokana na Kilatini, maana yake bwana wa zizi. Kule Ufaransa, Konstebo alikuwa juu ya mamarshali wote, mkuu wa jeshi baada ya mfalme, mpaka cheo hicho kilipofutwa mwaka 1627. Leo konstebo ni yule polisi wa ngazi ya chini kabisa unayemkuta barabarani kwetu akiwa na filimbi. Wawili walitoka zizi moja, mmoja akaishia ikulu, mwingine kwenye makutano ya barabara.

Ufaransa mpaka leo inasema kuwa umarshali si cheo cha kijeshi hasa, ni heshima inayotolewa na dola. Napoleon alipoanzisha dola yake mwaka 1804 alitangaza mamarshali 18 kwa mpigo. Baadhi yao hawakuwa watoto wa mabwana. Murat alikuwa mtoto wa mwenye nyumba ya wageni, Ney mtoto wa fundi mapipa. Hilo lilikuwa jambo kubwa kwa wakati wake, maana liliwaambia maskini kuwa mlango uko wazi. Lakini heshima inayotolewa na dola inategemea dola gani iko madarakani. Desemba 1815, Napoleon akiwa ameshaanguka, Marshali Ney alipigwa risasi na askari wa Ufaransa, nchi iliyompa umarshali.

Karne ya 20 ilionyesha jambo hili waziwazi zaidi. Mwaka 1935 Urusi ya Kisovieti ilitangaza mamarshali wake wa kwanza, watu watano. Miaka minne haikupita, watatu kati yao walikuwa wameshakufa mikononi mwa serikali hiyohiyo: Tukhachevsky alipigwa risasi 1937, Blyukher alifia kizuizini 1938, Yegorov aliuawa 1939. Stalin aliyewamaliza alipokea mwenyewe mwaka 1945 cheo cha juu zaidi ya marshali, Jeneralisimo, yaani jenerali kupita majenerali.

Hitler naye, Julai 1940, baada ya kuishinda Ufaransa, aliwapandisha majenerali 12 kuwa Fildi Marshali siku moja. Miaka miwili na nusu baadaye alitumia cheo hichohicho kwa namna nyingine. Jenerali Paulus alikuwa amezingirwa Stalingrad, askari wake wakifa kwa njaa na baridi. Tarehe 30 Januari 1943 Hitler akampandisha kuwa Fildi Marshali. Haikuwa zawadi. Hakuna Fildi Marshali wa Ujerumani aliyewahi kujisalimisha akiwa hai, na Paulus alijua hilo, kwa hiyo cheo kilikuwa na ujumbe ndani yake: ujiue. Kesho yake Paulus akajisalimisha.

Wamarekani wao wamekikwepa kabisa cheo cha marshali. Mwaka 1944 walipohitaji majenerali wa nyota tano ili wasionekane wadogo mbele ya Waingereza, walichagua jina la Jenerali wa Jeshi. Wapo wanaosema kwa utani kwamba sababu ni mkuu wao wa jeshi kuitwa George Marshall, na nani angetaka kuitwa Marshali Marshall? Kisha mwaka 1976, taifa lao lilipotimiza miaka 200, wakampandisha George Washington, aliyekuwa amekufa tangu 1799 akiwa na cheo cha Luteni Jenerali, ili asiwepo tena mwanajeshi wa nchi hiyo wa kumzidi. Nikamkumbuka yule kijana wetu wa wasifu. Alifanya peke yake na kalamu kile ambacho bunge la Marekani lilifanya kwa sheria.

Mpaka hapo ningeweza kusema kuwa vyeo ni mchezo wa wakubwa, nikafunga daftari. Lakini mimi ni mtu wa huku, na huku kwetu habari ya vyeo ina uchungu wa aina yake.

Mwaka 1916 Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini aliongoza majeshi ya Waingereza kumsaka Lettow-Vorbeck wa Wajerumani, kuanzia Kilimanjaro kushuka kusini. Mizigo ya vita ile ilibebwa na wapagazi Waafrika kwa mamia ya maelfu, na makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Smuts akaja kuwa Fildi Marshali wa Uingereza mwaka 1941. Wapagazi hawakuwa na cheo chochote. Jina la kikosi chao kwa Kiingereza lilibaki midomoni mwa watu likawa Kariakoo kule Dar es Salaam na Kariokor kule Nairobi. Tunanunua nyanya juu ya jina lao.

Baada yao wakaja askari wa KAR. Walipigana Ethiopia, walipigana Burma, lakini kwa miaka mingi Mwafrika hakuweza kuwa afisa kamili. Hata jeshi lilipoanza kulegeza, juu ya sajenti wa kawaida aliwekewa ngazi yake maalumu iliyoitwa efendi, na hapo ndipo paa lake lilipokuwa. Juu ya paa alikuwapo luteni kijana wa Kizungu, mwenye umri wa kuwa mwanawe, na alipaswa kumpigia saluti. Kongo ya Wabelgiji ilikuwa vivyo hivyo. Uhuru ulipoingia tarehe 30 Juni 1960, jeshi zima halikuwa na afisa hata mmoja Mkongo. Siku tano baadaye kamanda wake Mbelgiji, Jenerali Janssens, aliwakusanya askari akaandika ubaoni kwamba kabla ya uhuru ni sawasawa na baada ya uhuru. Jeshi likaasi. Hapa kwetu, Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles waliasi wakidai mambo mawili: mshahara, na maafisa Waingereza waondoke ili Waafrika washike nafasi zao. Hebu tuseme ukweli, lile lilikuwa ni daraja begani kama ilivyokuwa fedha mfukoni.

Ukilijua hilo ndipo unapoweza kuwatazama Mafildi Marshali wetu bila haraka ya kucheka.

Kule Kenya, porini Aberdare, wapiganaji wa Mau Mau waliunda mwaka 1953 baraza lao la vita, na Dedan Kimathi akawa Fildi Marshali. Wenzake walijiita majenerali. Mmoja wao, Waruhiu Itote, alijulikana kama Jenerali China. Katika jeshi la Waingereza, kule Burma, alikuwa amefika ukoplo. Koplo akawa Jenerali! Wakoloni waliyaona majina haya kuwa mzaha wa watu wa msituni. Mimi siyaoni hivyo. Mtu aliyezuiwa kupanda ngazi kwa sababu ya rangi yake, akijenga jeshi lake mwenyewe, atachukua ngazi ya wapi kama si ileile aliyokatazwa? Na cheo kile hakikumletea Kimathi mshahara, gari wala jumba. Alikamatwa Oktoba 1956, akanyongwa gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957, akazikwa humo bila alama. Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyefikia heshima hiyohiyo ya Fildi Marshali, alikaa msituni mpaka Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, na rasta zake za msituni hazikukatwa mpaka 2022, mwaka mmoja kabla ya kufariki. Hawa walipewa cheo na watu waliokuwa tayari kufa pamoja nao. Sijui hati gani ya serikali inaizidi hiyo.

John Okello ni habari nyingine. Kijana wa Uganda, kibarua, hakuwahi kuwa afisa wa jeshi la nchi yoyote. Asubuhi ya tarehe 12 Januari 1964 sauti yake ilisikika redioni Zanzibar ikitangaza kuwa Sultani ameondolewa na kwamba anayesema ni Fildi Marshali. Siku zilizofuata watu wengi waliuawa, na vitisho vya redioni vya Fildi Marshali yule, vilivyohesabu adhabu za vifo kama bei za sokoni, vipo katika kumbukumbu za walioviishi. Machi ya mwaka huohuo alizuiwa kurudi visiwani. Okello alikuwa na sauti na alikuwa na saa yake. Hakuwa na watu ambao wangeendelea kumwita kwa cheo kile redio ikizimwa.

Halafu Idi Amin. Huyu alianzia KAR, akapita kwenye kila ngazi iliyoruhusiwa: akawa efendi 1959, akawa luteni 1961, mmoja wa Waganda wawili wa kwanza kupewa uafisa. Mwaka 1971 akapindua serikali na kuwa jenerali. Mwaka 1975 akawa Fildi Marshali. Kutoka luteni hadi huko, miaka 14. Akajiongezea na nishani, na majina marefu mpaka msomaji wa redio aliishiwa pumzi. Dunia ilicheka. Waganda hawakuwa na nafasi ya kucheka, maana nyuma ya nishani zile kulikuwa na maelfu waliouawa. Jirani yake Mobutu, aliyewahi kuwa sajenti wa jeshi la Wabelgiji, akajifanya Marshali mwaka 1982, na nchi yake ikaendelea kuoza mpaka alipoikimbia Mei 1997.

Nikiwaweka hawa wote mezani, naona kosa halikuwa kutoka chini. Ney alitoka chini, Jenerali China alitoka chini. Naona kwamba kila cheo ni neno la uhusiano, kama baba au shemeji. Huwezi kuwa shemeji peke yako. Mtumishi ana anayemtumikia, kaimu ana anayemkaimu, mshauri ana anayemshauri. Ndivyo majina yenyewe yalivyoundwa. Amin na Mobutu walipanda mpaka mahali ambapo hapakuwa na yeyote wa kuwauliza, na hapo cheo kikabaki sauti tupu. Mafildi Marshali wa Uingereza kwa desturi hawastaafu, hubaki kwenye orodha ya jeshi mpaka kufa. Kwa Mwingereza hiyo ni heshima isiyo na madhara. Kwa Rais wa Maisha ilikuwa ni laana ya nchi.

Oktoba 1978 majeshi ya Fildi Marshali Amin yalivuka na kuingia Kagera. Waliotumwa kumrudisha hawakuwa na Fildi Marshali kati yao. Divisheni ya 20 ya JWTZ iliongozwa na Meja Jenerali David Musuguri, mtu wa Butiama, naye alikuwa amepitia KAR kama Amin. Juu yao wote alikuwapo Amiri Jeshi Mkuu raia, ambaye watu walimwita kwa cheo cha kazi yake ya zamani, Mwalimu. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilianguka. Fildi Marshali alikuwa ameshakimbia, na alifia Jeddah mwaka 2003. Musuguri alistaafu akiwa Jenerali, akarudi kijijini, akafariki 2024 akiwa na miaka 104.

Katikati ya safari hiyo alikuwapo baba yangu mdogo na V zake mbili mkononi. Koplo, kwa kawaida, ana askari wachache tu chini yake. Nilimuuliza yule mzee wa msibani, tulipokuwa tunakula, kwa nini alimkatiza kijana mbele za watu. Akatafuna kwanza.

"Nilikuwa mmoja wa watu wake," akasema. "Tulikuwa wanane. Njia nzima mpaka kule, akipata maji anahesabu vichwa kwanza. Yeye anakunywa wa tisa. Ukisema Meja, sisi wanane tunakuwa hatupo."

Miezi kadhaa baadaye familia ilijengea kaburi. Yule kijana ndiye aliyekwenda kwa fundi wa maandishi, na safari hii alinipigia simu kabla. Aliuliza kama Koplo huandikwa kwa K kubwa. Nikamwambia ndiyo.